Njia Mahututi

Nchi yetu bado haina jina. Msitucheke. Kamati ya Jina haiwezi kukaa mpaka Kamati ya Mipaka imalize kazi yake, na Kamati ya Mipaka haiwezi kumaliza mpaka iambiwe mipaka hiyo ni ya nchi gani. Kamati zote mbili zina wenyeviti hodari, na zimekuwa zikisubiriana kwa adabu tangu mimi nikiwa darasa la pili. Kwa hiyo sisi tunaiita nchi tu, na tunaipenda.

Nchi hii inakatwa katikati na mto uitwao Subira. Upande wa huku pana Ikulu, wizara, redio ya taifa na hospitali. Upande wa Ng'ambo pana watu. Wakati wa kiangazi watu huvuka kwa kurukia mawe. Masika ikifika mto hufura, na kwa miezi miwili havuki mtu. Zamani palikuwa na pantoni, ikazama siku ya kuzinduliwa, jambo linaloonyesha jinsi ilivyokuwa imetengenezwa kwa chuma kizito na cha uhakika.

Mimi naitwa Mwinjuma, mchoraji wa Wizara ya Mipango. Nina mkono mzuri. Hata wasionipenda wanakubali hilo. Mke wangu Sihaba alikuwa akikaa Ng'ambo kwa mama yake, Bi Mosi, pamoja na binti yetu Mwaka. Mtu wa Ng'ambo haruhusiwi kulala huku bila kibali, na ofisi ya vibali itafunguliwa siku daraja litakapozinduliwa, kwa kuwa bila daraja hakuna wa kuvuka kuja kukiomba. Sheria hii ukiitafakari ina mantiki. Mimi nimeitafakari miaka sita.

Mwaka alizaliwa kwa kisu. Siku ya kuruhusiwa, daktari alimwambia Sihaba mbele yangu, "Mama, ukishika mimba nyingine usithubutu kuzalia nyumbani. Uchungu ukianza tu, uwe hapa. Ukichelewa, mimi sitakuwa na la kufanya." Hospitali humpokea mtu wa Ng'ambo uchungu ukishaanza, kabla ya hapo anahesabika mgeni, na mgambo humrudisha.

Basi Sihaba akashika mimba. Nilipiga hesabu kwenye kalenda ya ofisini: angejifungua baada ya siku mia mbili na kumi. Masika ingeanza siku ya mia na tisini.

*

Mungu si Athumani. Wiki ile ile Serikali ikatangaza daraja, na ikamleta Mhandisi Matilda Kisoka, mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini, aliyekuwa na tabia mbaya ya kujibu swali aliloulizwa.

Mhandisi alinikabidhi ukuta mzima wa karatasi. "Bwana Mwinjuma, kila kazi ni mshale. Kila kazi ikiisha, ni duara. Mshale hauanzi mpaka duara lililo nyuma yake likamilike. Huwezi kumwaga zege kabla ya kufunga nondo, huwezi kufunga nondo kabla ya kuchimba msingi. Ni hayo tu."

Nikachora mishale sitini na minne. Ilipendeza! Ulikuwa unaona kabisa kokoto zinavyomsubiri mchimbaji, na nguzo zinavyozisubiri kokoto, zote zikielekea duara la mwisho ambalo ndani yake niliandika, kwa wino mwekundu, WATU WAVUKE. Siku mia na sabini. Nilikaa pale nikitoa siku mia na sabini kwenye siku mia mbili na kumi, nikapata arobaini, nikatoa tena ili kuhakikisha.

"Mbona unatabasamu na karatasi?" Mhandisi aliniuliza.

Nikamweleza habari za Sihaba. Akanipa penseli. "Mchore na yeye. Toka duara la kwanza hadi pembeni pale. Daraja lisilojua linamsubiri nani huwa halijengwi."

Nikauchora mshale mrefu chini ya mingine yote, mwembamba, nikaandika juu yake: Sihaba ajifungue, siku 210.

*

Waziri wa Mipango, Mheshimiwa Chandarua, alipoambiwa kwamba mchoro ule unaitwa mtandao, aliuliza kama una bando. Alipohakikishiwa kwamba haulipiwi, akakaa.

Mhandisi akamwonyesha ule mfululizo wa kazi ambazo hata moja ikichelewa siku moja, daraja zima linachelewa siku moja. Baraza la Maneno lilikuwa limeshaupatia jina la Kiswahili fasaha: Njia Mahututi.

Waziri akavua miwani. "Imelazwa wapi?"

"Haijalazwa, Mheshimiwa. Ndilo jina lake."

"Mahututi, halafu haijalazwa!" Akawageukia wasaidizi wake kwa uchungu wa kweli, maana ana moyo mwepesi. "Hivi ndivyo tunavyoua watu wetu."

Jioni hiyo redio ya taifa ilitangaza kwamba Njia ni mahututi, na wananchi wanaombwa wawe watulivu. Tangu siku hiyo tulipata taarifa kila asubuhi kabla ya habari za michezo: Njia imeamka vizuri, Njia imekunywa uji. Shule za msingi ziliiombea dua. Ujumbe wa wabunge ulikuja wizarani na kapu la machungwa ukaomba kuiona, nami nikawaonyesha ukutani, wakaipapasa kwa mkono na kutikisa vichwa.

Ila kazi nyingine hazikuwa mahututi, na hapo ndipo Mhandisi alipoteleza. Mbele ya baraza zima la mawaziri alisema, "Kupaka rangi kingo, kwa mfano, kuna nafasi sitini." Alikuwa na maana kwamba kazi hiyo inaweza kuchelewa siku sitini bila kumdhuru mtu. Lakini lugha ni ya wenyewe. Baraza lote liliinua vichwa kwa pamoja.

Kesho yake asubuhi nilishindwa kuingia ofisini kwa foleni. Walikuwapo wapwa wa Waziri, mashemeji wa Naibu Waziri, na mzee mmoja kipofu aliyekuja na barua ya Katibu Mkuu inayothibitisha kwamba ana jicho zuri la rangi. Hadi adhuhuri nafasi zote sitini za kupaka rangi zilikuwa zimejazwa, na zile arobaini za kuweka taa, na kumi na mbili za kupanda maua. Wachimba msingi walikuwa wanne. Kazi yao haikuwa na nafasi hata moja. Mchoro ulisema hivyo wazi, na Serikali ikauheshimu mchoro.

*

Msingi ulichimbwa taratibu, kwa watu wanne. Kokoto zilisubiri lori, lori likasubiri saini, na mtia saini alikuwa kwenye semina ya wiki tano kuhusu madhara ya kuchelewesha Njia Mahututi. Wapaka rangi, kwa kukosa kingo, walipaka miti ya kando ya barabara. Kila Jumatatu Mhandisi alikuja na kifutio, akasogeza duara la mwisho. Mia na sabini ikawa mia mbili. Mia mbili ikawa mia mbili na arobaini. Siku ya mia na sitini, daraja lilikuwa shimo moja na nguzo nusu upande wa huku, na mchoro ulisema siku mia tatu.

Mshale mmoja tu haukusogea. Waziri aliugundua siku hiyo, akaufuata kwa fimbo yake.

"Huyu Sihaba ni mkandarasi?"

"Ni mke wangu, Mheshimiwa."

"Ndiye anayetuchelewesha?"

"Hapana, Mheshimiwa. Yeye hachelewi. Hiyo ndiyo shida."

"Siku mia mbili na kumi tangu mwanzo, hazijaongezeka hata moja." Alinitazama kama mtu aliyeibiwa. "Wizara yangu nzima imesogea. Mto wenyewe tumeuandikia. Yeye ni nani asisogee?"

Barua ilitoka siku ile ile. Niliipiga chapa mwenyewe.

*YAH: KUAHIRISHA KUJIFUNGUA. Tafadhali husika na mada tajwa hapo juu. Wizara inathamini mchango wako katika maendeleo ya Taifa. Hata hivyo, unaelekezwa kusogeza mbele tukio hilo kwa siku tisini (90), ili lisitangulie uzinduzi wa daraja. Endapo utashindwa, ujieleze kwa maandishi ndani ya siku saba kwa nini mimba yako haina nafasi. Nakala: Mume.*

Nikampigia simu mama mkwe nikamsomea, kwa kuwa posta ya Ng'ambo inasubiri daraja.

"Mwanangu," akasema Bi Mosi, "hebu rudia pale penye kusogeza mbele."

Nikarudia.

"Mwambie huyo bwana mkubwa, mimba si kikao." Akampa simu mwanawe.

Sihaba alikuwa anacheka. "Baba Mwaka, si wewe ndiye unayechora daraja? Basi lichore upesi. Mwenzio nimekuwa kama pipa." Alicheka mpaka akakohoa. Alikuwa na imani na mkono wangu. Alikuwa nayo tangu tulipooana, na sikuwahi kumwambia kwamba mimi huchora tu ninachoambiwa.

Kuna jambo sina budi kulisema hapa. Kiangazi kilikuwa hakijaisha. Ningeweza kumvusha kwa mawe, nikamficha chumbani kwangu mpaka uchungu uanze. Wengine walificha wake zao, majirani wakajifanya hawaoni. Lakini mimi nilikuwa mtumishi wa umma, tena mwenye mkono mzuri, nikaogopa mgambo.

*

Yaliyofuata yaliletwa na mishale mitatu ya nukta nukta. Ilikuwa pembeni kabisa ya mchoro na hakuna aliyewahi kuiulizia. Siku ya mia na sabini Waziri akaiulizia.

"Hizo ni kazi hewa, Mheshimiwa," alisema Mhandisi. "Si kazi za kweli. Zinaonyesha tu kwamba jambo hili linalisubiri lile. Hazihitaji mtu, na hazichukui hata siku moja."

"Kazi hewa haihitaji mtu?" Mkurugenzi wa Utumishi alidakia, ameumia. "Mama, hapo umetukosea. Mimi nina idara nzima ya hewa na hatutoshi."

Waziri hakucheka. Alikuwa anapiga hesabu kwa midomo. "Kazi ya nukta inachukua siku sifuri."

"Sifuri."

"Sasa tukiitia nukta mishale yote?"

Mhandisi akasema kwa ile sauti yake ya chini, "Mchoro utasema daraja limekwisha leo. Na watu wataliamini, Mheshimiwa. Watakuja mtoni na wagonjwa wao. Mimi mchoro huo siutii saini."

Na kweli hakutia. Mwisho wa mwezi alikwenda dirishani kuchukua mshahara, akakuta uhakiki umepita na yeye amebainika kuwa mhandisi hewa. Nilikuwa nyuma yake kwenye foleni. "Lakini mimi si huyu hapa?" alimwambia karani. Karani, kijana mpole, alitazama orodha, akamtazama yeye, akatazama tena orodha. "Hapana, mama," akasema. "Mwingine." Sijamwona tena Mhandisi Matilda tangu siku hiyo. Alipita karibu yangu akitoka, nami nikainamia viatu vyangu.

Mchoro ukaletwa kwangu. Naweza kusema nilitishwa. Sikutishwa. Nilipewa kalamu mpya. Na nilikuwa na hesabu zangu: daraja likikamilika kwenye karatasi litazinduliwa, likizinduliwa ofisi ya vibali itafunguliwa, na Sihaba atavuka kwa mawe na kibali mkononi kabla ya tone la kwanza la mvua. Nikavunja mishale sitini na minne, mmoja mmoja, kuwa nukta. Msingi, nondo, zege, kingo. Ni nukta nzuri, zimelingana.

Waziri alikuja kukagua. "Na huyu?" Fimbo ilikuwa juu ya mshale wa penseli. "Mradi wa Taifa umekwisha, halafu mwanamke mmoja bado anaendelea? Tutachekwa. Tia nukta."

Nikatia.

*

Kumbe hatukukumbuka kazi moja, nayo haikukubali kuwa hewa: uzinduzi wenyewe. Mahema yanataka siku, fulana zinataka siku, na Rais alikuwa safarini akipokea tuzo ya kujenga madaraja. Uzinduzi ukapangwa siku ya mia mbili na kumi, saa nne asubuhi. Mvua ilianza siku ya mia themanini na nane, mapema kidogo, kwa kuwa mvua haikuhudhuria kikao.

Siku ilipofika nilisimama ukingoni nyuma ya Waziri, nimeshika ubao wa mchoro usiangushwe na upepo. Palikuwa na bendi, na helikopta iliyomleta Rais. Gari la wagonjwa lilikuwapo, jipya, limefungwa utepe kama bibi harusi. Maji yalikuwa mekundu, yanapita na magogo. Waziri alikuwa anasema, "Wako wanaouliza daraja liko wapi. Nawauliza na mimi: hewa mnayoivuta mnaiona?" Makofi yakapigwa.

Simu ikatetemeka mfukoni.

"Mwanangu," Bi Mosi alikuwa anahema. "Uchungu umemshika tangu alfajiri. Redio imesema daraja tayari, tumekuja naye kwa machela. Tuko mtoni. Tunapandia wapi?"

Nikatazama ng'ambo ya maji. Niliwaona. Wanaume wanne, machela, mwavuli mmoja mweusi, na Mwaka amevaa gauni la njano.

"Mama, msubiri hapo," nilisema. Mungu anisamehe, hilo ndilo neno nililolipata.

Nikamshika Waziri mkono wa koti, jambo ambalo halifanywi. "Mheshimiwa, yule pale ni mke wangu. Anajifungua. Tafadhali, helikopta ya Rais, boti, kamba, chochote."

Waziri alitazama nilikoonyesha, uso ukamng'aa. "Mama wa kwanza!" akatangaza kwenye kipaza sauti. "Mama wa kwanza kulitumia daraja letu, ndugu wananchi, yule pale! Mpungieni mkono!"

Halaiki nzima ikawapungia mkono. Ng'ambo wakadhani wanaitwa. Mwanamume mmoja alishuka mtoni na fimbo, maji yakamfika kifuani, akaanguka, wenzake wakamvuta. Wakajaribu tena chini kidogo. Wakarudi. Saa saba redio ya taifa ilitangaza kwamba mama huyo amevuka salama, amepokelewa hospitali, na amejifungua mtoto wa kiume wa kilo tatu na nusu, ambaye Mheshimiwa Waziri amempa jina la Daraja. Niliisikia taarifa hiyo kwenye redio ya dereva wa gari la wagonjwa, huku nikiwatazama wamemzunguka Sihaba kwenye matope.

Alasiri niliona Bi Mosi anafungua kanga yake ya juu. Akaitandika juu ya machela, akaivuta mpaka ikafunika kichwa. Mtu mmoja akambeba Mwaka akamgeuzia upande mwingine. Nililia kwa sauti, nikaacha ubao ukaanguka, na mtu wa itifaki akaja kuuokota.

*

Mto ulipopungua nilivuka kwa mawe. Kaburi lilikuwa moja, la wote wawili, limeshaanza kuota majani. Bi Mosi hakunitukana. Alinipa maji ya kunywa, akakaa nami, na mimi ningeona heri angenitukana.

Niliporudi nilikuta wito wa Serikali chini ya mlango. Mtoto Daraja Mwinjuma hajaletwa kliniki kupimwa wala kuchanjwa, na mzazi asipotokea Jumanne atashtakiwa kwa kutojali maisha ya mtoto.

Jumanne nikaenda. Nilikaa kwenye benchi na akina mama na watoto wao. Nesi, dada mmoja mnene aliyechoka, aliita jina, nikasimama. Alitazama mikono yangu. Akatazama mlango, akanitazama usoni, kisha akainama haraka kwenye kadi na kuanza kuandika.

"Kilo tano na robo," alisema kwa sauti ya watu wote kusikia. "Anaendelea vizuri. Mlete tena mwezi ujao."

"Dada, futa."

"Kaka, nenda nyumbani," alininong'oneza. "Nakuomba. Wameshakuja wawili mikono mitupu kama wewe wiki hii. Nenda."

"Futa. Mtoto hayupo. Mama yake hayupo. Wamefia mtoni wakisubiri."

Alinigeuzia kadi. "Nikifuta lazima nijaze sababu. Hapa, unaona? Haiwezi kubaki wazi. Niandike nini, mto?"

"Mto haukufanya kitu. Andika daraja halikuwapo, na aliyechora kwamba lipo ni mimi."

Nesi akavuta kiti chake karibu na meza.

"Jina lako kamili," alisema.

Nikamtajia herufi moja moja, ili asikosee.